Usugu wa dawa: Mkulima analipa, daftari halionyeshi

ANAYESAFIRI kwa basi kwenda Mtwara au Masasi anaijua Mingoyo. Pale Mnazi Mmoja, njia panda, basi likisimama tu madirisha hujaa sinia za samaki wa kukaanga na pweza. Nyuma ya biashara hiyo wapo wavuvi wa ghuba ya Lindi, wakulima wa korosho, ufuta na minazi, na kina mama wanaokaa motoni tangu alfajiri.

Watu hawa wana jambo moja linalofanana. Mtaji wao wa kwanza ni mwili. Mguu ukioza, shamba limelala. Kiganja kikivimba, sinia haliendi barabarani.

Ndiyo maana leo ukurasa huu unazungumzia jambo linaloonekana kama la madaktari peke yao, nalo ni namna hospitali zinavyoandika ugonjwa unaosababishwa na bakteria waliokwisha kuzoea dawa. Kwa lugha ya kitaalamu hali hiyo huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Mimi si daktari, ni mchumi wa kilimo. Lakini nimejifunza kwamba jambo lisiloandikwa halipangiwi bajeti, na lisilopangiwa bajeti hulipwa na mwenye shida kutoka mfukoni mwake.

Mguu wa mjomba

Mjomba wangu ana mikorosho maeneo ya Mingoyo. Mwaka juzi, mwezi Mei, alipokuwa akifyeka chini ya mikorosho, panga lilimteleza likamkata chini ya goti. Kidonda hakikuwa kikubwa. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akanunua dukani vidonge vya rangi mbili, akameza vya siku mbili, akaona nafuu, akaacha.

Wiki ya pili mguu ulivimba. Kituo cha kwanza kilimpa vidonge vya aina nyingine. Cha pili kikamchoma sindano kwa siku tano. Usaha ukapungua, kisha ukarudi. Ni hospitali ya tatu, mwezi Agosti, iliyochukua usaha na kupeleka maabara kuotesha vijidudu na kuvijaribia dawa moja baada ya nyingine. Majibu yalionyesha bakteria aitwaye stafilokokasi, tena wa aina isiyosikia jamii nzima ya dawa alizokuwa akipewa tangu mwanzo. Alibadilishiwa dawa, na katika wiki tatu kidonda kikaanza kufunga.

Nilipomtembelea nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mguu umepona, lakini mikorosho ndiyo imeugua." Alikuwa anasema kweli. Kuanzia Juni hadi Agosti ndio wakati wa kupuliza salfa kuzuia ubwiriunga, naye alikuwa kitandani. Maua mengi yalikauka kabla ya kushika.

Tulikaa chini tukapiga hesabu. Dawa na vipimo vilimgharimu shilingi 310,000. Nauli zake na za aliyemsindikiza, 120,000. Vibarua wa kumalizia palizi na baadaye kuokota korosho, 180,000. Jumla ni shilingi 610,000, na hapo hatujagusa korosho ambazo hazikuzaa. Bima ya afya ya jamii iliyoboreshwa, CHF, iliyoanza 2018, ilipangwa kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mguu mmoja umekula michango ya miaka ishirini.

Kisha nikaomba kuona karatasi zake. Ya kwanza imeandikwa "kidonda". Ya pili, "kidonda chenye usaha". Ya tatu, ile ya kuruhusiwa kutoka hospitali, imeandikwa tena "kidonda chenye usaha". Neno "sugu" lipo kwenye kijikaratasi cha maabara tu, ambacho mjomba alikuwa amekikunja ndani ya mfuko wa shati.

Kwa hiyo katika hesabu za taifa mjomba yumo kama mtu aliyejikata. Bakteria aliyemla miezi mitatu hayumo.

Namba ya ugonjwa ni kitu gani?

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina orodha kubwa inayoupa kila ugonjwa namba yake, ili daktari wa Lindi na wa Lima wakiandika ugonjwa uleule ujulikane ni uleule. Orodha ya mwanzo ilitolewa mwaka 1893 na Mfaransa Jacques Bertillon, nayo ilikuwa ya sababu za vifo tu. WHO iliichukua mwaka 1948. Toleo la kumi, linalojulikana kama ICD-10, lilipitishwa mwaka 1990. Toleo la kumi na moja lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, na nchi zinaendelea kuhamia humo hatua kwa hatua.

Katika toleo la kumi, ugonjwa wa mjomba ungehitaji namba tatu. Ya kwanza ni T79.3, yaani jeraha lililoingiwa na vijidudu. Ya pili ni B95.6, inayomtaja bakteria mwenyewe, stafilokokasi. Ya tatu ni U82.1, inayosema bakteria huyo hasikii methisilini na dawa za jamii yake.

Kundi la U82 hadi U84 limewekwa mahsusi kwa ajili ya usugu wa dawa. U82.2, kwa mfano, ni ya bakteria wanaotoa kimeng'enyo kinachovunjavunja dawa za jamii ya penisilini na hata nyingi za sindano zilizokuja baadaye. U83.7 ni ya bakteria waliozoea dawa za aina nyingi kwa mpigo. Katika toleo la kumi na moja, misimbo ya namna hiyo inaanzia MG50.

Sasa hapa ndipo penye mtego. Kwa kanuni, namba hizi za U hazisimami peke yake. Ni za nyongeza, zinafuata nyuma ya ugonjwa mkuu. Mwandishi akichoka, au fomu ikiwa na nafasi moja tu, cha kwanza kuachwa ni hicho cha nyongeza. Fomu inabaki sahihi, lakini haisemi lililo muhimu.

Stakabadhi bila daraja

Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, kila mmoja anajua kwamba uzito peke yake hautoshi. Lazima karatasi iseme korosho ni daraja la kwanza au la pili. Chama cha msingi kikiandika "korosho, kilo 200" bila daraja, ghala haliwezi kuzipanga, mnunuzi hawezi kutoa bei, na mwenye mzigo mzuri analipwa sawa na mwenye mzigo mbovu.

Kuandika "kidonda" bila kusema "sugu" ni stakabadhi bila daraja. Uzito upo, ubora haupo. Anayepanga akiwa Dodoma anaona vidonda elfu kadhaa, vyote vinafanana, na anaagiza dawa ileile ya mwaka jana.

Nani anapoteza?

Wa kwanza ni mgonjwa, kama tulivyoona. Lakini tuangalie mnyororo mzima.

Bohari ya Dawa, MSD, ambayo kwa kanda yetu ina ghala Mtwara, hupeleka dawa kwa kufuata maombi ya vituo. Vituo huomba kwa kuangalia kilichotumika na magonjwa yaliyoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA. Usugu usipoandikwa, dawa ya hatua ya pili haiombwi. Isipoombwa haiji, na mgonjwa anaambiwa akanunue nje.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Hospitali hudai malipo kwa fomu inayotaja ugonjwa na namba yake. Fomu ikisema kidonda cha kawaida, halafu ikadai wiki tatu za kitandani na sindano za bei kubwa, mkaguzi ana haki ya kushtuka. Atakata dai, au atalipa bila kujua analipia nini. Katika hali zote mbili mfuko haujifunzi chochote kuhusu mahali fedha inakovujia.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na lengo lake ni kumwingiza kila Mtanzania, akiwemo mkaanga samaki wa Mnazi Mmoja. Mchango wa bima unapaswa kupangwa kwa kujua gharama halisi za magonjwa. Ukiwa mdogo kuliko gharama, mfuko utayumba. Ukiwa mkubwa kupita kiasi, mkulima atashindwa kuingia.

Ushahidi upo

Wapo watakaosema tunakuza jambo. Hapana. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watafiti walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa. Waliougua malaria, walikufa asilimia 20.2. Waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu hasi katika damu, walikufa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili. Na miongoni mwa hao, waliopata bakteria wenye kile kimeng'enyo cha U82.2 walikufa asilimia 71, wakati wasiokuwa nacho walikufa asilimia 39.

Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Watafiti walizipata takwimu hizo kwa sababu waliotesha damu ya watoto wenyewe. Daftari la kawaida la wodi lisingewaonyesha tofauti hiyo.

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusiana nao. Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo kwa idadi ya watu. Zingatia neno "makadirio". Nchi nyingi za kwetu zilikadiriwa kwa hesabu za kitaalamu kwa sababu takwimu zake zenyewe ni chache.

Septemba 2024, viongozi wa nchi walikubaliana Umoja wa Mataifa kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Swali la mchumi ni jepesi: utajuaje umepunguza asilimia 10 kama hukuhesabu mwanzo?

Fedha ndiyo inayoandika

Marekani wamepitia njia hii kabla yetu na wana la kutufundisha. Hospitali zao huajiri watu ambao kazi yao ni kugeuza maelezo ya daktari kuwa namba. Namba za usugu zilikuwapo kwa miaka mingi, lakini kila watafiti walipolinganisha fomu na majibu ya maabara, walikuta wagonjwa wengi wa bakteria sugu hawakuandikiwa namba hiyo. Sababu moja ni kwamba haikubadilisha malipo.

Kuanzia Oktoba 2019, bima yao ya wazee, Medicare, ilipandisha hadhi ya namba 18 za usugu, ili hospitali iliyotibu ugonjwa sugu iweze kulipwa zaidi kuliko iliyotibu wa kawaida. Namba iliyokuwa mapambo ikawa na thamani.

Funzo ni kwamba watu huandika kile kinacholipwa. Lakini funzo hilo lina upande wa pili. Ukilipa kwa namba bila kudai ushahidi, kesho kila kidonda kitakuwa sugu. Ndiyo sawa na kulipa daraja la kwanza bila kukata korosho kuangalia kilichomo ndani. Kwa hiyo namba ya U ni lazima iambatane na cheti cha maabara.

Namba bila maabara ni porojo

Hapo tunafika kwenye kikwazo kikubwa. Huwezi kuandika usugu ambao hukuupima. Kipimo cha kuotesha kinataka chumba, vifaa, mtaalamu na siku mbili hadi tatu za kusubiri. Zahanati ya kijijini haiwezi, na si lazima iweze. Inachoweza ni kuchukua sampuli vizuri na kuipeleka hospitali ya mkoa, pale Sokoine mjini Lindi, au zaidi, na kurudishiwa majibu.

Serikali haikukaa kimya. Mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu ulikuwa wa 2017 hadi 2022, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Mipango hiyo inaunganisha afya ya binadamu, mifugo na mazingira. Lakini sehemu ya vifaa na mafunzo ya maabara ilitegemea wafadhili, hasa mfuko wa Uingereza uitwao Fleming Fund. Julai 2025, Uingereza ilitangaza kukata fedha za mfuko huo. Anayetegemea jembe la kuazima hupanda siku ambayo mwenyewe amelima.

Banda la kuku nalo lina deni

Tusiwatupie madaktari lawama zote. Sisi wafugaji tunachangia. Kuku wakipiga chafya, wengi wetu tunatia oksitetrasaiklini kwenye maji bila kujua ni ugonjwa gani. Mdondo, kwa mfano, unasababishwa na kirusi. Antibiotiki haiui kirusi. Unatumia fedha, kuku wanakufa vilevile, na bakteria waliomo bandani wanapata mazoezi ya bure.

Halafu yai au nyama inauzwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kuisha. Dawa inaingia kwa mlaji, na bakteria walioizoea wanaweza kuingia pamoja nayo.

Soko nalo linabadilika. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Januari 2022 ukaanza kutumia sheria mpya kali zaidi, na ukaweka Septemba 3, 2026 kuwa siku ya kuanza kudai masharti hayo kwa nyama na mazao ya mifugo yanayotoka nje. Mfugaji wa Lindi leo anauza Lindi. Lakini mahoteli na maduka makubwa huchukua masharti ya soko la nje na kuyafanya yao. Asiye na daftari la dawa atauza kwa bei ya jioni.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikadiria kwamba usugu ukiachwa ukue unaweza kuwatumbukiza watu zaidi ya milioni 28 katika umaskini wa kupindukia ifikapo 2050, wengi wao katika nchi maskini, na kupunguza uzalishaji wa mifugo duniani. Huo ni mguu wa mjomba ukizidishwa mara mamilioni.

Nini kifanyike?

Kwanza, vitabu vya MTUHA na fomu za madai ziwe na nafasi ya lazima yenye swali moja: je, usugu umethibitishwa na maabara, ndiyo au hapana? Muuguzi mwenye foleni ya watu sitini hawezi kukariri misimbo. Anaweza kuweka alama ya vema. Kugeuza alama hiyo kuwa U82 au MG50 ni kazi ya kompyuta ya wilaya.

Pili, bima ilipie kipimo cha kuotesha kwa kila kidonda, mkojo au homa iliyokataa dawa ya kwanza. Kipimo ni bei ndogo ukilinganisha na wiki tatu za kitandani. Kisha ilipe zaidi kwa ugonjwa sugu uliothibitishwa, na isilipe ziada kwa usiothibitishwa.

Tatu, majibu ya maabara za binadamu na yale ya Wakala wa Maabara ya Veterinari yasomwe pamoja katika kila mkoa. Kuku na mwenye kuku wanakunywa maji ya kisima kimoja.

Nne, wewe msomaji. Ukitibiwa, omba uandikiwe jina la ugonjwa na la dawa, na uitunze karatasi kama unavyotunza stakabadhi ya korosho. Dawa ikishindwa, usinunue nyingine kwa kubahatisha. Rudi, onyesha karatasi, uliza kama sampuli inaweza kwenda kuoteshwa. Ukipewa dozi, fuata siku ulizoambiwa. Ukitibu mifugo, andika tarehe, dawa na siku za kusubiri kabla ya kuuza.

Na kama wewe ni mjumbe wa kamati ya afya ya kituo, au una sauti kwenye chama cha msingi, uliza swali hili kikao kijacho: mwaka uliopita ni wagonjwa wangapi wa kituo chetu walikataa dawa ya kwanza? Ukijibiwa kwamba hakuna anayejua, basi mmepata ajenda.

Mjomba amerudi shambani. Msimu huu amepuliza salfa kwa wakati na mikorosho imetoa maua mazuri. Kile kijikaratasi cha maabara nimekipiga picha na kukihifadhi. Mahali pake hasa palikuwa kwenye daftari la hospitali, ambako kingemsaidia mwingine atakayejikata Mei ijayo.